Theluthi Moja Kila Jumamosi

Lita mia mbili na arobaini za bahari
ghorofa ya sita, Ostrava,
mji usio na pwani katika nchi isiyo na pwani.
Nje theluji imeshika masizi,
ndani pampu inanong'ona usiku kucha
na Květa analalama: Zbyněk,
pensheni yote inaishia kwenye chumvi na umeme.
Ni kweli. Sibishi.

Miaka ishirini na saba nilichimba makaa
mita mia tisa chini ya watu waliopanga foleni ya mkate.
Nilipopanda juu mara ya mwisho
nilitaka kitu kimoja tu, kitu cheupe.
Nikanunua mchanga.

Hakuna aliyeniambia weupe haukai.
Wiki ya tatu, kahawia, kama chai iliyomwagika.
Mwezi wa pili, utando mwekundu, laini kama ulimi,
asubuhi kiraka, jioni umefika mguuni pa tumbawe.
Nikaufuta. Ukarudi.
Nikaufuta kwa hasira, ukarudi na ndugu zake.

Basi Jumamosi moja ya Februari, Květa yuko kwa dada yake,
nilikunja mikono ya shati
nikaukoroga mchanga wote, kona hadi kona,
mpaka kucha zikakwaruza kioo cha chini.
Chini kulikuwa kweusi.
Harufu ikapanda: yai viza.

Nilipaswa kujua. Mimi, kati ya watu wote!
Shimoni tulifundishwa:
ukuta uliotulia hauamshwi wote kwa siku moja,
hewa iliyolala nyuma yake haibishi hodi.
Oldřich hakuwa na subira zamu ile.
Jina lake liko kwenye bamba la shaba, langoni.

Kufika saa nne usiku wawili walikuwa wamelala ubavu.
Yule wa manjano alining'inia juu kabisa ya maji,
mdomo wazi, akihema
kama mimi kwenye ngazi lifti inapoharibika.
Alfajiri nilimtoa kwa kijiko cha supu.
Kijiko hicho Květa bado anakitafuta.

Tangu hapo nakwenda kwa daftari.
Theluthi moja ya mchanga kila Jumamosi,
kushoto, katikati, kulia, kisha tena kushoto.
Mpira uingie kina cha kidole tu,
taka zipande, punje zianguke,
nibane, nihame.
Ndoo mbili za maji yaliyochujwa
hadi yamesahau bomba lilipo,
chumvi imekorogwa tangu jana,
na Květa, anayelalama, hutumbukiza kiwiko
kupima joto, kama anayemwogesha mtoto.

Kisha matone kwenye kijichupa.
Nikihesabu, mjukuu wetu Matouš haruhusiwi
kutaja namba yoyote, hata umri wake.
Dakika tatu. Ikija waridi iliyopauka, tunapeana mikono.
Ikija nyekundu iliyoiva, natafuta nani kalisha mara mbili.
(Ni Květa. Anasema wanamtazama.)

Juzi daktari aliweka picha ya mapafu yangu mbele ya taa.
Vumbi limetulia huko chini, tabaka juu ya tabaka,
nikalitambua, tumefanya kazi pamoja.
Nikauliza kama hakuna mpira wa kulinyonya.
Hakucheka.
Halitibiki, akasema,
basi usilitibue.

Leo ni zamu ya kulia.
Nimekwisha kuchovya mpira
nikaona jicho la konokono, moja, juu ya mchanga,
likigeuka huku na huku kama la mtu asiye na miwani.
Amejivuta. Nyuma yake mfereji mweupe,
upana wa kidole gumba.
Ameingia kwenye theluthi ambayo si yake wiki hii.

Nimeweka mpira kwenye ndoo.
Nimevuta kiti.